Mwalimu wa Taipu Aliyetazama Mikono

Kabla hajagusa mashine ya mtu, Mwalimu wa Taipu alimtazama mtu huyo mikono. Skrini hakuijali. Alivuta kiti pembeni, akakaza leso kiunoni, akasema, "Fanya kazi yako kama mimi siko hapa," kisha akavikodolea macho vidole vyako mpaka ukajisikia uchi. Sisi wengine tulikimbilia bisibisi. Yeye aliweza kukaa robo saa nzima bila kusema kitu, halafu akatamka sentensi moja, na mara nyingi ugonjwa ulikuwa ndani ya sentensi hiyo.

Nilimwonea wivu. Naliweka hili mbele mapema ili msomaji asidhani namsifu kwa moyo mweupe. Nimejaribu kumkumbuka bila wivu na sijaweza.

Chuo chake kilikuwa chumba kimoja mjini Migori, nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli la mzee mmoja Mwislamu aliyehamia huku kutoka pwani. Ndani mlikuwa na taipureta kumi na mbili, ubao, na kabati la mafaili ya boksi ambalo ufunguo wake aliuvaa shingoni. Ukipita barabarani asubuhi ulisikia wasichana na wavulana wakigonga vitufe kwa pamoja, na sauti yake ikihesabu juu yao. Karatasi yenye pambizo lililopinda haikupokelewa. Aliirudisha mezani bila kukunja uso na kusema neno moja: "Rudia." Nimeona mtu mzima, karani wa baraza la mji, akirudia barua yake mara nne huku jasho likimtoka.

Mimi nilikuwa mtu wa kuzunguka. Shule niliiacha kidato cha pili. Hakuna aliyenifukuza, ila sikuweza kukaa kwenye dawati huku mambo mengi yakiendelea nje. Nilitengeneza redio Isebania, nikalinda mizani ya mifugo Ogwedhi, nikauza betri Kendu Bay. Popote palipokuwa na kitu chenye parafujo, nilikifungua nione kina nini. Huko Isebania wakala mmoja wa forodha aliniacha nishike kompyuta yake, na tangu siku hiyo nikajiona nimeingia karne nyingine kabla ya wenzangu.

Basi fikiria nilivyojisikia siku ya kwanza nilipoitwa chuoni kwake kurekebisha springi ya taipureta, nikakuta darasa zima linachapa maneno yasiyo Kiswahili, Kiingereza wala Dholuo. Yalikuwa mafungu ya herufi na mikwaju, mstari baada ya mstari.

"Hii ni lugha gani, Mwalimu?"

"Ya kompyuta."

"Na kompyuta iko wapi?"

"Inakuja."

Nilicheka. Mzee mwenye duka, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa, alinitikisia kichwa. "Wacheka, mwanangu? Huyu akikwambia kitu chaja, jua kishapita Kisii."

Ilikuwa hivi. Mwalimu mmoja wa hisabati aliyekuja kujitolea kutoka ng'ambo alikuwa amerudi kwao, akamwachia Mwalimu wa Taipu kitabu kinene na diski za mfumo wa bure unaoitwa Linux. Mfumo huo mtu yeyote aliruhusiwa kuufungua na kusoma jinsi ulivyotengenezwa. Laptopu yenyewe aliahidiwa kuletewa na mgeni mwingine. Ilichelewa miezi mingi. Katika miezi hiyo alikisoma kitabu chote, pamoja na kurasa za shukrani, na badala ya barua za kuomba kazi akawapa wanafunzi amri za Linux wazichape kama mazoezi ya kasi. Kwa hiyo palikuwa na darasa la watu Migori waliojua kuamuru mashine ambayo hawajawahi kuiona. Mimi niliyekuwa nimeigusa sikujua kuiamuru. Hapo ndipo wivu wangu ulipoota.

Laptopu ilipofika, nilikuwepo. Za siku zile zilikuwa nzito kama tofali, na chini ya vitufe zilikuwa na kibao laini ambacho ulikipapasa kwa kidole ili mshale utembee kwenye skrini. Tulikiita padi. Linux ilitaka kuambiwa kila kitu kwa maandishi: kifaa cha mshale ni cha aina gani, kimefungwa wapi, kinasema kwa kasi ipi. Yote hayo yalikaa kwenye faili moja. Ukikosea mstari, mshale ulikimbilia kona na kujikunyata huko, au haukuonekana kabisa.

Na hapa ndipo ilipoonekana desturi yake ambayo wengi waliicheka. Kabla hajabadilisha mstari wowote wa faili hilo, aliweka karatasi mbili kwenye taipureta, na karatasi ya kaboni katikati, akalichapa faili lote kama lilivyo. Chini yake alichapa tatizo, sababu, na dawa. Nakala moja ilikwenda kwa mwenye mashine, nyingine kwenye boksi. Kisha, na si kabla ya hapo, alibadilisha mstari mmoja. Mmoja tu.

"Ukibadilisha miwili ikapona," alisema, "hujui nani amekuponya. Utamshukuru nani?"

Wiki ya kwanza alishindwa. Mashine ilikataa mstari wake wa kasi ya kifaa, mstari uliotakiwa kuwa na elfu moja na mia mbili. Alichapa, ikakataa. Alilinganisha na kitabu, akaona ni sawa kabisa, akachapa tena, ikakataa. Mimi nilijua kosa liko wapi tangu saa ya kwanza. Taipureta zake za zamani hazikuwa na tarakimu ya moja. Wanafunzi wote wa taipu wa zama zile walichapa herufi l ndogo mahali pa moja, na O kubwa mahali pa sifuri, na jicho la binadamu halikujali. Mashine ilijali. Vidole vyake vilikuwa vimezoea hivyo miaka ishirini, naye hakujua kwamba vinamsaliti.

Sikumwambia. Siku mbili nilikaa pale nikijifanya nasafisha riboni, nikimtazama akihangaika, na sijui kama nimewahi kustarehe hivyo. Siku ya tatu alifanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliacha kutazama kitabu na skrini. Aliweka mikono yake juu ya vitufe, akachapa polepole huku akiitazama, kama alivyotazama mikono ya watu wengine. Kidole cha pete cha mkono wa kulia kikaenda kwenye l. Akakisimamisha hapohapo.

"Ni mimi," alisema.

Kisha akanigeukia. "Na wewe ulijua."

Hakurudia tena neno hilo, wala siku zilizofuata hakunitendea tofauti. Ningefurahi kama angenitukana.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. La kwanza ni kwamba mshale wenyewe aliudharau. Kwake, mtu aliyeondoa mkono kwenye vitufe alikuwa amesimamisha kazi. Alifanya kila kitu kwa kibodi, akaita padi "uwanja wa wavivu." Mimi niliupenda mshale kama mtoto anavyopenda kishada, na mimi ndiye nisiyeuweza. Watu wa Isebania, wa misheni, wa ofisi za wilaya, wote walimletea yeye mishale yao iliyoumwa, naye akaiponya bila kuipenda.

La pili ni subira. Kwa mashine ilikuwa haina mwisho. Kwa kuku wa jirani na kwa wanadamu ilikuwa fupi sana. Nimemwona akimrushia kuku kiatu, na dakika ileile akarudi kukaa mbele ya laptopu iliyoganda, mikono imetulia mapajani, akiingoja kama mgonjwa anayepumua vibaya.

La tatu ni Sabato. Alikuwa Msabato wa kweli. Jumamosi hakugusa waya. Siku moja dereva wa misheni ya Kikatoliki alimfuata hadi nje ya kanisa lao, mimi nikiwa naye kwa sababu nilitaka kuona atafanya nini.

"Mwalimu, mshale wa Padri unaruka kama panzi. Leo ana ripoti."

"Leo ni Sabato."

"Ya kwenu, Mwalimu. Ya kwetu ni kesho."

"Basi kesho yako mtapumzika pamoja, wewe na mshale." Watu waliotoka kanisani wakacheka. Akatembea hatua kadhaa, akasimama, akasema bila kugeuka, "Msalimie Padri. Mwulize kama nyumbani kwake barua moja inasomwa na watu wawili."

Dereva aliondoka akikuna kichwa. Lakini Padri alielewa. Kwenye mashine yake palikuwa na programu mbili zilizosikiliza padi ileile: moja ya skrini nyeusi ya maandishi, nyingine ya madirisha. Kila moja ilichukua nusu ya habari, ikakisia nusu iliyobaki. Alizima moja, mshale ukatulia. Nilipomwambia Mwalimu kwamba amevunja Sabato, alinitazama kwa mshangao.

"Nilituma salamu tu, wuoda." Wuoda ni mwanangu kwa Dholuo. Aliniita hivyo alipokuwa ananicheka.

Wakala wa Isebania naye alipowekewa Linux na binamu yake wa chuo kikuu, aliniita mimi. Nilifurahi kwamba ni mimi. Mshale wake ulitetemeka kama una malaria. Nikaifungua mashine yote, nikapanga parafujo kwenye kisahani cha chai kwa mzunguko, nikapuliza vumbi, nikafunga tena, na mshale ukaendelea kutetemeka. Siku hiyo Mwalimu alikuwa Isebania kununua riboni kwa watu wanaovuka mpaka kutoka Sirare. Aliingia kumsalimu wakala, akanikuta, akavuta kiti. Akatazama mikono yangu. Akatazama waya wa chaji uliotoka kwenye jenereta nje ya dirisha.

"Chomoa," alisema.

Nikachomoa. Mshale ukasimama wima kama askari.

"Jenereta haina waya wa ardhini. Uchafu wa umeme unapitia kwenye kidole." Wakala akaagiza soda. Aliagiza moja, ya Mwalimu. Mimi nilibaki na kisahani chenye parafujo moja iliyozidi.

Nayasimulia haya ili ieleweke nilikuwa katika hali gani nilipopata kazi Homa Bay. Palikuwa na ofisi ndogo karibu na ufuo, iliyofuatilia gugumaji lililokuwa likifunika ziwa. Mkuu wake alikuwa daktari wa mimea, mtu mchangamfu mwenye ulimi, na sote tulimwita Daktari. Kazi yangu ilikuwa kupokea karatasi za watu wa mashua, kisha kuchora kwa mshale, juu ya ramani kwenye laptopu, mpaka wa gugu wa wiki hiyo. Laptopu ilikuwa na Linux kwa sababu Linux ilikuwa ya bure. Nilimwambia Daktari kwamba naijua vizuri.

"Una cheti?"

"Nina mikono."

Alicheka. "Haya, mikono. Nakupa mwezi mmoja. Ukinishinda, kuna kijana Kisumu ana vyeti mpaka mgongoni."

Sikuwahi kutaka kitu kama nilivyoitaka kazi ile. Sijui kama nitaweza kueleza. Maisha yangu yote nilikuwa mtu anayechungulia mambo dirishani, na mara hii nilikuwa nimekaa ndani, kwenye kiti, na kiti kilikuwa changu.

Lakini mshale uliniruka. Nilianza mstari majini, ukafuata ufuo vizuri, kisha ghafla ukachupa nchi kavu na kujibonyeza wenyewe.

"Omera," yaani ndugu yangu, Daktari aliniita wiki ya pili, akiinamia skrini, "gugu limefika Rangwe?"

"Hapana, Daktari. Ni mshale umeruka."

"Kwa sababu naona hapa limetoka ziwani, limepanda mlima, limeingia sokoni, limerudi. Lilikwenda kununua nini?"

Wenzangu wa mashua walicheka mpaka wakashika ukuta. Daktari akakaa, akapapasa padi mwenyewe, na mshale ukamfuata kama ng'ombe wa kulimia. "Naona mshale unamheshimu mwenye mshahara," alisema. Alikuwa anatania. Mimi nilisikia Kisumu.

Kwa siku tatu nilibadilisha kila nilichoweza kubadilisha kwenye faili lile. Aina ya kifaa, kasi, vitufe, vyote kwa mara moja. Sikuandika kitu popote. Ijumaa mshale ulitoweka kabisa. Jumapili asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Mwalimu wa Taipu, Migori.

"Umebadilisha nini?" aliniuliza.

"Vitu kadhaa."

"Vitu vipi?"

"Sikumbuki vyote."

Alinitazama kama mtu aliyesikia kwamba nimesahau majina ya watoto wangu. Lakini Jumatatu alikuja Homa Bay, na taipureta yake ndogo ya safari kwenye sanduku lake. Daktari alikuwa ziwani na mashua. Mwalimu alitoa kutoka boksi alilokuja nalo nakala ya faili la mashine yake mwenyewe, akalifananisha na langu, akanyoosha nilipovuruga, na mshale ukarudi. Kisha akavuta kiti pembeni.

"Andika jina lako kwa mshale."

Nikaandika. Herufi ya kwanza ilikaa vizuri, ya pili ikaruka hadi ukingo wa skrini. Akatazama mikono yangu. Alitazama muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akitazama mikono ya mtu. Mwishowe akaniondoa kitini, akaketi yeye, yeye ambaye hakupenda padi, na kwa kidole kimoja kikavu akaandika jina langu lote, kwa mwandiko wa shule ya msingi, bila kukatika. Lilikuwa zuri. Nilitamani kulifuta.

"Ni unyevu wa ziwa," alisema.

"Unyevu?"

"Wewe unapokea karatasi za watu wa mashua. Zimelowa. Hewa ya hapa imelowa. Padi haipendi maji."

Akachapa faili, na kaboni katikati, na chini yake tatizo, sababu na dawa. Akaweka programu ndogo ya kuzima ile tabia ya padi kudhani kila mguso ni kubonyeza. Kisha akatoa mkobani kopo la poda ya watoto, akaliweka mezani. "Kila anayekaa hapa apake kidogo vidoleni. Kila mtu. Daktari pia." Akaniambia niandike amri hiyo na kuibandika ukutani, nikaibandika.

Nilipaka, nikajaribu. Mshale ulinifuata. Nilizunguka ghuba yote bila kuruka hata mara moja, wala sikumshukuru. Hata hili. Hata hili lilikuwa lake.

Mwalimu alikuwa anafunga sanduku la taipureta Daktari alipoingia na viatu vya matope. Aliona mstari safi kwenye ramani, akapiga mluzi. "Nani amefanya hii?"

"Mimi," nilisema.

"Na mama huyu?"

"Shangazi yangu. Ameniletea poda."

Mwalimu alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Hakuna namna ambayo hakusikia. Alichukua sanduku lake, akasema, "Amosi, Daktari," ambayo ni salamu ya heshima, na akatoka.

Kazi nikaipata. Zaidi ya hapo, Daktari aliandika ripoti kwa wakubwa wake kwamba fundi wa Homa Bay amegundua kinachovuruga mishale kando ya ziwa, na dawa yake. Jina lililoandikwa ni langu. Ofisi zote za ufuoni zikaagizwa kununua poda, na mimi nikaagizwa kuzizungukia na kuwafundisha watu. Nilizunguka karibu mwaka mzima. Niliitwa Fundi wa Mshale. Kila nilikofika kulinukia kama wodi ya wazazi.

Migori sikukanyaga. Ikibidi kwenda Isebania, nilipita haraka, uso upande wa pili wa barabara.

Kendu Bay ndipo yote yalipokwisha. Karani wa ofisi ya huko alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye macho ya kucheka. Alinipokea kwa chai.

"Fundi, nikuulize. Mshale wetu haukuwa na shida yoyote. Barua ilisema tupake poda, tukapaka. Sasa kitufe cha A kimeganda, kile cha S kinalia. Tuache?"

"Ni unyevu wa ziwa, Mama. Unaanza polepole." Nikakaa nimwonyeshe. Kwa haraka sikupaka kitu. Mshale ukachupa mpaka kona ya skrini.

"Umeona?" nilisema.

"Nimeona." Akaniomba kiti. Alikuwa ametoka kuosha vikombe, akajifuta kwa leso, akaketi, naye pia hakupaka kitu. Mshale ukamfuata kushoto, kulia, ukazunguka skrini kama paka. Ziwa lilikuwa pale dirishani, lilelile.

"Rudi wewe."

Nikarudi. Ukachupa.

"Lete mkono," alisema. Akaushika, akaugeuza, akautazama kiganja kilivyong'aa, akaupangusa kwa leso yake. Kabla hajauachia ulikuwa umelowa tena. Akaanza kucheka, taratibu, bila ubaya. "Fundi wangu, wewe ndiye ziwa."

Mikono yangu hutoka jasho tangu utotoni. Daftari zangu za shule zilivimba kurasa. Wasichana walikwepa kunisalimu. Ni jambo nililolificha vizuri hivi kwamba nilikuwa nimelificha hata kwangu mwenyewe, na mwanamke mmoja Migori alikaa pembeni yangu akaliona, akanunua poda kabla hata hajafika, kisha akalowesha ziwa zima ili mimi nisionekane nimelowa.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka tisini na tisa nilipoingia tena chuoni kwake. Upande wa pili wa barabara palikuwa pamefunguliwa chuo cha kompyuta chenye bango la rangi, na kwake taipureta nne tu ndizo zilikuwa na watu. Mzee mwenye duka aliniona kwanza. "Aa, Fundi wa Mshale! Twasikia habari zako. Waja kutuletea poda?"

Mwalimu alikuwa amezeeka usoni, ila mikono ilikuwa ileile. Alinionyesha kiti. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na yote yakapotea.

"Naomba kuona nakala ya Homa Bay," nilisema.

Akavua ufunguo shingoni, akafungua kabati. Hakutafuta. Akanipa karatasi. Faili lilikuwa pale, mstari kwa mstari, na chini yake, kwa chapa ya zambarau ya kaboni: Tatizo, mshale unaruka. Sababu, unyevu wa ziwa. Dawa, poda.

Nilisoma mara tatu. Nilitegemea kukuta ukweli kwenye nakala yake ya siri. Mtu aliyerudisha karatasi kwa pambizo lililopinda, aliyekiri l yake mbele ya adui yake, alikuwa amechapa uongo kwenye faili lake mwenyewe na kuuhifadhi kwa kufuli.

"Kwa nini hukuandika ukweli hapa? Hapa hakuna anayesoma."

"Wanafunzi wanasoma," alisema. "Wanakujua."

Nikamweleza habari za ofisi zote, poda, kitufe cha A kilichoganda Kendu Bay. Alisikiliza kwa utulivu mpaka nilipofika kwenye harufu ya wodi ya wazazi, hapo akaanza kucheka, akacheka mpaka akafunika uso kwa leso na wanafunzi wakaacha kugonga. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo. "Ziwa zima," alisema akipangusa macho. "Wuoda, ziwa zima."

Nikasimama, nikaenda kwenye taipureta iliyokuwa wazi, nikachukua karatasi tatu na kaboni mbili.

"Mbili zinatosha," alisema.

"Ya tatu ni ya Daktari."

Alijua maana yake, na mimi nilijua. Kulikuwa na kijana Kisumu mwenye vyeti. Nikaanza kuchapa. Tatizo, mshale unaruka. Sababu, jasho la mikono ya fundi mwenyewe. Dawa, fundi apake poda peke yake, ofisi nyingine ziache. Mahali pa aliyegundua niliweka jina lake lote, na mahali pa aliyeficha nikaweka langu, ingawa fomu yake haikuwahi kuwa na mahali hapo.

Nilichomoa karatasi nikampa. Aliisoma polepole hadi mwisho, na nikadhani atasema kitu. Akaiweka mezani mbele yangu, akagusa ukingo wa kushoto kwa kidole.

"Pambizo limepinda. Rudia."

Nikaingiza karatasi nyingine tatu. Vitufe vilikuwa vimelowa kwa jasho langu, na kila kimoja kiligonga mahali pake. Alivuta kiti akakaa pembeni kama zamani, nami nikangoja macho yake yatue kwenye vidole vyangu. Hayakutua. Alikuwa anatazama karatasi, kama alivyoitazama ya mwanafunzi yeyote. Nilipomaliza alizipokea zote tatu, akatenga ile ya Daktari na kuiingiza kwenye bahasha, na vidole vyake vikavu havikuacha hata alama moja juu yake. Wivu ukanishika palepale.